Mlango wa Jengo na Waya wa Ukutani: Historia ya Haki ya Mpangaji wa Toronto Kuchagua Intaneti Yake

Kila Septemba mwanafunzi mgeni anapofika Toronto hutafuta kwanza chumba, kisha intaneti. Chumba humchukua majuma kadhaa. Intaneti hudhani ni kazi ya dakika kumi. Mwaka wangu wa kwanza mjini hapa nilipanga chumba katika ghorofa ya 14, nikamuuliza msimamizi wa jengo ni kampuni zipi zinazofika humo. Alinijibu kwa upole, kama mtu anayetaja hali ya hewa: "Humu tuna kampuni moja tu." Nikatia saini, nikalipa bei niliyotajiwa, na sikuuliza tena. Baadaye sana, nikisoma historia ya jiji hili, ndipo nilipojua kwamba swali langu lilikuwa limeshajadiliwa na kutolewa uamuzi wa kitaifa mwaka 2003, na kwamba jibu la yule bwana halikuwa jibu kamili.

Wahenga walisema, nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya yanafungua mlango huo. Nitaonyesha kwamba haki ya mpangaji wa Toronto kuchagua anayemletea intaneti haikutokana na sheria za nyumba. Ilitokana na sheria za simu, ikaja kipande kwa kipande, na hadi leo ina nguvu katika jengo moja na udhaifu katika jengo la jirani. Asiyejua historia hiyo hawezi kujua ni wapi pa kuidai.

Tuanze mbali kidogo. Sheria ya Katiba ya Kanada ya mwaka 1867 iligawa madaraka kati ya Bunge la shirikisho na majimbo. Masuala ya mali na haki za kiraia yaliachiwa majimbo, na ndiyo maana mikataba ya upangaji inatawaliwa na Ontario, si Ottawa. Lakini njia za telegrafu zinazovuka mipaka ya majimbo zilikabidhiwa shirikisho. Waandishi wa sheria hiyo hawakuijua simu, sembuse intaneti, ila mstari walioupiga siku ile umepita katikati ya kila jengo la kupangisha tangu hapo: kuta na milango ni za jimbo, nyaya zilizomo ni za shirikisho.

Toronto yenyewe ilijifunza somo hilo kwa uchungu. Kampuni ya Bell ilipewa hati yake na Bunge la shirikisho mwaka 1880, ikaanza kusimamisha nguzo na kuchimba mitaro barabarani. Jiji lilidai kwamba barabara ni zake, hivyo kampuni ilipaswa kuomba idhini. Shauri lilifika hadi Kamati ya Mahakama ya Baraza la Mfalme mjini London, na katika hukumu iliyochapishwa mwaka 1905 jiji likashindwa. Majaji walisema kampuni ile ni shughuli ya kitaifa na jiji haliwezi kuizuia. Kwa hiyo tangu mwanzo wa karne ya 20 ilijulikana kwamba mwenye ardhi, hata akiwa jiji zima, si lazima awe na neno la mwisho juu ya waya unaopita katika ardhi hiyo. Wakati ule ushindi huo ulikuwa wa kampuni moja kubwa. Karibu miaka mia moja baadaye hoja ya namna hiyo ingewafaa washindani wake, na kupitia kwao, wapangaji.

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1970 Toronto ilijenga mamia ya maghorofa marefu ya kupangisha, mengi yakiwa mbali na katikati ya jiji: Flemingdon Park, Thorncliffe Park, Rexdale, na eneo la Jane na Finch. Humo ndimo wengi wa watu wetu walipofikia. Idi Amin alipowapa Waasia wa Uganda siku 90 za kuondoka, Agosti 1972, Kanada ilipokea maelfu yao, na wengine kutoka Tanzania na Kenya walifuata kwa sababu zao. Mtaa wa Don Mills na vitongoji vyake ukawa na familia nyingi za Waismailia waliotoka Dar es Salaam, Kampala na Nairobi. M. G. Vassanji, mwandishi aliyezaliwa Nairobi na kukulia Dar es Salaam, aliandika riwaya yake "No New Land" ya mwaka 1991 juu ya familia ya Dar inayoishi katika ghorofa la namna hiyo. Baadaye walikuja Wasomali, Wakongo, Warundi na Wanyarwanda, na Kiswahili kikaendelea kusikika kwenye lifti.

Ndani ya kuta za maghorofa hayo kulikuwa na nyaya za aina mbili. Ya kwanza ilikuwa waya wa shaba wa simu, na mwenye simu mjini Toronto alikuwa Bell. Ya pili ilikuwa kebo ya televisheni, ambayo kila eneo lilikuwa na kampuni moja yenye leseni; Ted Rogers aliingia katika biashara hiyo mjini hapa mwaka 1967, na kampuni yake ikaja kuwa kubwa kuliko zote. Mpangaji wa miaka ya 1970 hakuulizwa anataka simu ya nani, kwa kuwa hapakuwa na mwingine. Intaneti ya kasi ilipowasili katika miaka ya 1990, haikuja na njia mpya. Ilipanda juu ya nyaya zile zile mbili. Ukiritimba wa enzi ya simu na televisheni ukageuka kuwa ukiritimba wa watu wawili katika enzi ya intaneti, bila mtu yeyote kuupigia kura.

Chombo kilichokuwa na uwezo wa kubadili hali hiyo ni Tume ya Redio, Televisheni na Mawasiliano ya Simu ya Kanada, ambayo wengi huijua kwa herufi CRTC. Iliundwa mwaka 1968 kusimamia utangazaji, na mwaka 1976 ikakabidhiwa pia simu. Mwaka 1992 iliruhusu ushindani katika simu za masafa marefu. Mwaka 1993 Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Mawasiliano ya Simu, na Mei 1997 Tume ikafungua ushindani katika simu za ndani ya miji.

Hapo ndipo kikwazo cha mlango wa jengo kilipoonekana waziwazi. Kampuni mpya inaweza kuwa na leseni, mtaji na nyaya chini ya barabara, lakini ili imfikie mteja wa ghorofa ya 14 lazima iingie kwenye chumba cha mitambo kilicho chini ya jengo, na ufunguo wa chumba hicho anao mwenye jengo. Wako walioutumia vizuri, na wako walioona biashara ndani yake: kudai malipo makubwa ya kuingia, au kutia saini mkataba wa kuipa kampuni moja jengo zima. Anayelipa kodi hakushirikishwa, ingawa yeye ndiye aliyekuwa akiuzwa.

Uamuzi wa Tume wa Juni 2003, uliopewa namba 2003-45, ulijibu jambo hilo kwa njia ya werevu. Haukumwelekea mwenye jengo. Uliielekea kampuni iliyokwisha kuingia. Tume iliweka sharti: kampuni yoyote ya simu za mjini inaweza kuwahudumia wakazi wa jengo lenye makazi mengi iwapo tu kampuni nyingine za aina hiyo zinazotaka kuwahudumia wakazi hao nazo zinaweza kuwafikia, kwa wakati unaofaa na kwa masharti ya haki. Kwa maneno mengine, kampuni inayofaidika na mlango uliofungwa inahatarisha ruhusa yake yenyewe ya kuhudumu humo. Nyuma ya sharti hilo Tume iliweka kanuni iliyo wazi: mkazi wa jengo la ghorofa anastahili kuchagua mtoa huduma kama anavyochagua mwenye nyumba ya peke yake.

Kwa nini Tume ilipitia mlango wa nyuma namna hii? Tukumbuke mstari wa 1867. Mwenye jengo si kampuni ya simu, na mamlaka ya Tume juu yake hayakuwa mapana. Majuma machache kabla ya uamuzi huo, Mei 2003, Mahakama Kuu ya Kanada iliamua, katika kesi iliyotoka mji wa Barrie kaskazini mwa Toronto, kwamba Tume haikuwa na mamlaka ya kupanga masharti ya kampuni za kebo kutumia nguzo za mashirika ya umeme. Mipaka ilikuwa dhahiri. Kuzifunga kampuni ilikuwa rahisi kuliko kumfunga mwenye mali. Njia hiyo ilifanya kazi, ila iliacha kasoro ambayo ipo hadi leo: haki inamhusu mpangaji, lakini wanaogombana mbele ya Tume ni makampuni. Mpangaji hana ufunguo, wala mara nyingi hajui kwamba kuna kufuli.

Mlango ulikuwa nusu ya habari. Nusu ya pili ni waya wenyewe. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Tume ilianza kuzilazimisha kampuni za simu na kebo kuwauzia washindani wadogo matumizi ya nyaya zao kwa bei ya jumla, ili nao wauze rejareja. Ndivyo walivyozaliwa wauzaji wadogo kama TekSavvy ya mji wa Chatham, Ontario. Kwa mpangaji wa ghorofa kuukuu la Thorncliffe hii ilikuwa nafuu ya kweli. Hakuhitaji mtu kutoboa ukuta wala kumbembeleza msimamizi. Waya ulikuwa ule ule; kilichobadilika ni jina kwenye bili, na mara nyingi kiasi chake.

Nafuu hiyo ilitikiswa Januari 2011, Tume ilipokubali mfumo wa kuwatoza wauzaji wadogo kulingana na kiasi cha data wanachotumia wateja wao. Vifurushi visivyo na kikomo vilielekea kufa. Karibu watu nusu milioni walitia saini malalamiko, serikali ya shirikisho ikasema haitaukubali uamuzi huo, na Novemba mwaka huo Tume ikatoa utaratibu mwingine. Kwa mara ya kwanza bei ya jumla ya intaneti, jambo ambalo awali lilikuwa la wahasibu na mawakili, ilizungumzwa mezani na watu wa kawaida.

Wakati huo huo sura ya jiji ilikuwa inabadilika. Toronto iliacha kujenga maghorofa ya kupangisha kwa wingi, ikageukia majengo ya kondominiamu, ambamo kila nyumba ina mwenyewe na wengi wao huzipangisha. Majengo haya yalianza kuwekewa fiba. Zilijitokeza kampuni za hapa hapa, kama Beanfield, zilizotandaza fiba zao hadi ndani ya majengo ya Liberty Village na ufukwe wa ziwa, zikauza kasi kubwa kwa bei iliyowashtua wakubwa. Lakini majengo mapya yalileta pia mikataba mipya. Mjenzi anaweza kukubaliana na kampuni kabla jengo halijapata mkazi hata mmoja. Chama cha wamiliki kinaweza kununua intaneti ya jengo zima kwa mkupuo, gharama ikaingizwa kwenye ada ya kila mwezi. Mara nyingi bei ya mkupuo huwa nafuu, hilo ni kweli. Lakini mpangaji anayetaka kampuni nyingine hulipa mara mbili: ya kwanza imefichwa ndani ya kodi, ya pili inatoka mfukoni mwake.

Sharti la 2003 nalo lilikuwa limepitwa na wakati. Liliandikwa kwa ajili ya kampuni za simu za mjini, wakati ambapo simu ya ukutani ilikuwa ndiyo huduma kuu. Kampuni yenye nyaya zake lakini inayouza intaneti pekee haikuguswa nalo: haikufungwa na sharti hilo, wala haikuweza kulitegemea pale mlango ulipofungwa. Kizazi kizima kilikuwa kimeacha simu ya ukutani, na haki yao ilikuwa imening'inizwa kwenye kifaa wasichokuwa nacho. Julai 2021, katika uamuzi namba 2021-239, Tume ilirekebisha jambo hilo kwa kulitandaza sharti hadi kwa kampuni zenye miundombinu zinazotoa intaneti pekee. Marekebisho hayo yalichukua miaka 18.

Huenda janga la korona ndilo lililofanya suala hili lionekane zito. Mwaka 2020 shule na vyuo vilihamia nyumbani, na ikabainika kwamba katika maghorofa ya vitongoji familia nyingi hazikuweza kumudu intaneti ya kutosha. Jiji lenyewe lilipeleka intaneti ya bure katika baadhi ya majengo ya wenye kipato kidogo, na mwanzoni mwa 2021 Baraza la Jiji likapitisha mpango uitwao ConnectTO. Tume ilikuwa imekwisha tamka Desemba 2016 kwamba intaneti ya kasi ni huduma ya msingi kwa kila Mkanada. Lakini sheria ya upangaji ya Ontario ya mwaka 2006, inapotaja huduma muhimu ambazo mwenye nyumba haruhusiwi kuzikata, inataja maji, umeme, gesi, nishati ya kuwashia na joto la majira ya baridi. Intaneti haimo. Mstari wa 1867 tena.

Kisha ikaja tarehe 8 Julai 2022. Kosa katika marekebisho ya mtandao wa Rogers liliwazimia huduma wateja zaidi ya milioni 12 kwa siku nzima. Malipo kwa kadi yalikwama madukani, na watu wengi hawakuweza kupiga namba ya dharura. Siku hiyo ilifundisha jambo ambalo hesabu za bei haziwezi kufundisha. Aliyekuwa na simu ya mkononi na intaneti ya nyumbani kutoka kampuni moja alibaki kisiwani. Uhuru wa kuchagua mtoa huduma unaweza kukupunguzia dola chache kwa mwezi, lakini pia ndio unaokuwezesha kutoweka mayai yote katika kapu moja.

Sura ya karibuni inahusu fiba. Kwa miaka mingi wauzaji wadogo walipewa njia ya kutumia shaba na kebo, huku fiba za kampuni kubwa za simu zikiwa karibu zimefungwa kwao. Novemba 2023 Tume iliamuru kampuni hizo zifungue fiba zao katika Ontario na Quebec kwa muda. Bell ilijibu kwa kutangaza kupunguza uwekezaji wake kwa zaidi ya dola bilioni moja. Agosti 2024 amri ikawa ya nchi nzima, kuanzia Februari 2025. Lakini ili kuzitia moyo kampuni ziendelee kujenga, Tume iliweka kinga: fiba mpya zitakazojengwa na kampuni hizo baada ya tarehe 13 Agosti 2024 hazitafunguliwa kwa washindani hadi Agosti 2029.

Msomaji aiweke tarehe hiyo kando ya nyingine. Ontario imeziondoa katika udhibiti wa ongezeko la kodi nyumba zote zilizoanza kukaliwa baada ya tarehe 15 Novemba 2018. Maana yake ni kwamba anayepanga leo katika jengo jipya kabisa hana kikomo cha ongezeko la kodi, na huenda asipate muuzaji mdogo kwenye fiba yake kwa miaka kadhaa. Mpangaji wa ghorofa la 1965 lenye lifti mbovu, katika mambo haya mawili, ana kinga kubwa kuliko yeye.

Kuna hoja za upande wa pili, nazo si za kupuuzwa. Mwenye jengo huogopa mafundi wanaotoboa kuta na kuondoka. Kampuni iliyotumia fedha nyingi kuvuta fiba huuliza kwa nini mwingine aje kula tunda la jasho lake. Kwa hoja ya kwanza, sharti la 2003 halikumtaka mtu afungue mlango bila utaratibu. Lilizungumzia masharti ya haki. Hoja ya pili ina uzito zaidi, na kinga ya hadi 2029 ni jaribio la kuijibu. Ila tusisahau kwamba kampuni kubwa zilipata nafasi ndani ya kuta hizi wakati ambapo hakuna mwingine aliyeruhusiwa kushindana nazo. Sehemu ya jasho hilo ni ya wapangaji waliolipa bili za ukiritimba kwa miongo mingi.

Wengine wamepita njia tofauti. Marekani, Tume yao ya mawasiliano ilipiga marufuku mwaka 2007 mikataba ya kampuni za kebo kujipatia jengo peke yao, na Februari 2022 ikabana pia mikataba ya kugawana mapato na wenye majengo. Jiji la San Francisco lilithubutu zaidi: mwishoni mwa 2016 lilipitisha sheria iliyomgusa moja kwa moja mwenye jengo, likimkataza kuizuia kampuni ambayo mkazi ameiomba. Mwaka 2019 tume ya shirikisho ikaibatilisha sehemu yake. Nyumbani kwetu, mikongo ya chini ya bahari ilipofika Mombasa na Dar es Salaam mwaka 2009, tulidhani tatizo lilikuwa bahari. Leo si ajabu kumsikia mpangaji wa Nairobi akisema kwamba fiba imefika hadi kwenye geti, lakini mwenye ploti ameshaelewana na kampuni moja. Bahari ilivukwa, geti bado.

Basi mwanachama mwenzangu, kabla ya kutia saini mkataba wa chumba, uliza mambo matatu. Kampuni zipi zina nyaya zao humu? Je, gharama ya intaneti imo ndani ya kodi, na ni kiasi gani? Na kama ninataka kampuni ambayo haijaingia, nani amewahi kuiomba, na alijibiwa nini? Swali la tatu ndilo zito. Kampuni haiombi kuingia mahali ambapo haina mteja, na sharti la 2003 halifanyi kazi hadi kampuni iombe. Mwaka ule sikuuliza. Msimamizi aliposema kampuni ni moja tu, hakunidanganya. Alieleza hali ilivyokuwa. Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba hali ilivyo ndivyo sheria ilivyo.